Sabufa ya baba, spana ya mwana

SABUFA ilifika nyumbani kwao Kimara, Dar es Salaam, Ijumaa jioni ikiwa ndani ya mfuko wa salfeti. Baba aliiteremsha kwenye gari kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

“Baba watoto, hiyo ndiyo ada ya Januari?” mama aliuliza akiwa mlangoni.

“Ada ipo pale pale, mama watoto. Hii nimeidunduliza.”

Alikuwa ameidunduliza kweli, karibu mwaka mzima. Tangu akiwa kijana wa kupanda daladala alitamani siku moja awe na gari lake lenye muziki mnene. Sasa ana miaka 43, ana Toyota IST iliyotumika Japani kabla ya kufika kwake, na spika zake za milangoni zinakoroma kama mzee mwenye mafua.

Ilikuwepo sababu ya pili ambayo hakumwambia mtu. Kijana wake wa miaka 17 alikuwa amemaliza kidato cha nne na yupo nyumbani akisubiri matokeo. Maneno yao kwa siku yalikuwa yamebaki mawili: “Shikamoo baba” asubuhi na “Nimeshakula” usiku. Katikati ya hapo, vijispika vya simu masikioni. Baba alifikiri kazi ya mikono ingefungua mdomo wa kijana.

“Kesho tunafunga wenyewe,” alimwambia. “Fundi wa nini?”

Kijana alitoa kijispika kimoja sikioni. “Wenyewe, baba?”

Jumamosi chini ya mwembe

Usiku ule kijana hakulala mapema. Alitazama video za mafundi kwenye simu, akaandika hatua kwenye daftari lake la zamani la Fizikia. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika kwenye gari, spana namba 10 mkononi.

“Tunaanza kwa kufungua hasi ya betri,” alisema. “Hapo tukigusisha waya kwa bahati mbaya, hakuna cheche.”

Baba alikubali. Wakavuta waya mnene mwekundu kutoka kwenye chanya ya betri, wakaupitisha kwenye tundu la bati linalotenga injini na chumba cha abiria, wakaulaza chini ya zulia hadi kwenye buti. Nyaya za sauti kutoka kwenye redio walizipitisha upande wa pili wa gari, kwa sababu zikiandamana na waya wa umeme, spika huweza kupiga mluzi kila unapokanyaga mafuta. Pamoja nazo ukapita ule waya mwembamba unaoiambia amplifaya kwamba redio imewashwa, nayo iamke.

Waya wa hasi wa amplifaya ulifungwa kwenye bolti ya bodi ndani ya buti. Kijana alikwangua rangi kwa msasa hadi bati likang'aa, kwa kuwa rangi huzuia umeme. Binti wa miaka minne alishika tochi, akimmulika kila mtu usoni.

Ugomvi ulikuja kwenye fyuzi.

“Baba, karibu na betri panatakiwa fyuzi. Kabla ya waya kuingia ndani. Na pale kwenye tundu panatakiwa raba, ule ukingo wa bati ni mkali.”

“Amplifaya si ina fyuzi zake?”

“Hizo zinalinda amplifaya. Ya kwenye betri inalinda waya. Inalinda gari.”

Muuzaji wa Kariakoo hakuwa amempa fyuzi ile, na baba hakuwa na hamu ya kurudi Kariakoo Jumamosi. “We mtoto, mimi nimeanza kuendesha gari hujazaliwa. Funga hivyo hivyo, tutaweka wiki ijayo.”

Kijana alifunga. Hakusema tena.

Muziki ulipowashwa, vioo vilitetemeka na majani mawili ya mwembe yakaanguka juu ya boneti. Baba alicheka kwa sauti, kijana naye akacheka. Wakazunguka mtaa mara tatu, binti akiwa kiti cha nyuma, kichwa chake hatua moja kutoka kwenye sabufa. Waliporudi, mtoto alimvuta mama yake kanga.

“Mama, kuna nzi sikioni.”

Mama alichungulia sikio, hakuona mdudu.

Moshi Maili Moja

Jumapili walifunga safari ya kwenda kwa bibi, Mlandizi. Walipofika Kibaha, Maili Moja, mama alinusa harufu ya plastiki inayoungua. Kisha moshi ukaanza kutoka chini ya zulia, upande wake, karibu na miguu.

Baba aliegesha pembeni na kuzima gari. Moshi haukukoma. Alichomoa ufunguo kabisa. Moshi ukazidi.

Waya ule ulitoka moja kwa moja kwenye betri, ufunguo hauuhusu. Mtikisiko wa barabara ulikuwa umeusugua kwenye ukingo wa tundu hadi ganda likachanika, shaba ikagusa bati. Bila fyuzi ya kukatika, betri ilikuwa inamwaga umeme wake wote humo.

Mama alishamtoa binti na kukimbia naye mbali na barabara. Kijana alikuwa ameshafungua boneti. Ile spana namba 10 ilikuwa bado mfukoni mwake tangu jana. Alilegeza nati ya hasi, akang'oa kichwa cha waya kwenye betri. Moshi ukapungua, ukaisha.

Hakuna aliyezungumza kwa muda. Zulia lilikuwa na alama nyeusi yenye urefu wa mkono. Kiti cha mama kilikuwa hapo juu yake.

Baba aliketi kwenye ukingo wa mtaro. “Uliniambia,” alisema hatimaye.

“Ndiyo, baba.”

“Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa na haki, nikakunyamazisha kwa umri.”

Kijana aliinamisha kichwa. Hakuwahi kusikia neno hilo kwa baba yake. “Tutafunga upya,” alijibu. “Twende kwanza kwa bibi, anasubiri.” Waliukata ule waya pande zote mbili, wakarudisha hasi ya betri, wakaenda bila muziki.

Nzi wa sikioni

Jumatatu walikwenda Kariakoo pamoja. Walinunua waya mpya wa shaba tupu, raba ya tundu, na fyuzi ambayo ukubwa wake hauzidi uwezo wa waya. Kijana aliifunga umbali usiofika nusu mita kutoka kwenye betri. Safari hii baba ndiye aliyeshika tochi.

Lakini mama alikuwa na neno lake. “Na yule nzi wa sikioni kwa mtoto?”

Kijana alipakua programu ya kupima kelele, akaiweka simu kwenye kiti cha binti, muziki ukiwa kama ulivyopigwa Jumamosi. Ikasoma desibeli 96. Simu si kipimo cha kitaalamu, ila namba ile iliwatosha.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) walitoa kiwango cha usikilizaji salama kwa vifaa kama simu: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa saa hizo hizo kwa mtoto. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, kwenye desibeli 96 mtoto anabakiwa na dakika zisizofika 20 kwa wiki nzima. Safari moja ya Mlandizi inazimaliza zote.

“Nzi” yule ni mlio ambao mtu huusikia baada ya sikio kuchoshwa na kelele. Mara nyingi hutoweka. Lakini chembe za kusikia zilizomo ndani ya sikio zikifa, kwa binadamu haziotei tena. Mtoto anayesikia mlio mara kwa mara, anayeongeza sauti ya televisheni au asiyeitika akiitwa kwa nyuma, apelekwe akapimwe masikio.

Kijana alisikiliza hesabu ile, kisha taratibu akatoa vijispika vyake masikioni na kuvitazama.

Sabufa bado ipo kwenye buti. Wameipunguza kwenye amplifaya yenyewe, na binti akiwa ndani ya gari besi inazimwa kabisa. Baba anapobaki peke yake na kijana wake, hupandisha kidogo, wimbo mmoja au miwili, kisha hushusha.

Hushusha kwa sababu siku hizi kijana anaongea njiani. Anataka kusomea umeme chuo cha VETA, matokeo yawe yoyote, na baba anataka kusikia.