Mzee wa Istanbul na Jibu Lake

Msafiri hujifunza maneno machache ya wenyeji kabla ya kuondoka kwao: salamu, shukrani, bei na njia. Ama lugha ya kichwa, nyusi na mikono, ni wachache wetu tujifunzao. Nasi kwa kutoijua tulimkosea mtu mwema.

Tulikuwa Istanbul, karibu na Msikiti wa Suleymaniye, uliojengwa na msanifu Sinan na kukamilika mwaka 1557. Wakati wa Alasiri ulikaribia. Tukamwuliza mzee mmoja mwenye duka la tasbihi kama adhana imekwisha kutolewa. Mzee hakusema neno. Aliinua kidevu, akapandisha nyusi, akaalisha ulimi mara moja. Kwetu pwani mlio wa namna hiyo ni msonyo, na msonyo ni tusi. Tukaghadhibika. Alitukaribisha chai, tukaikataa, tukaondoka bila ya kuaga.

Uani mwa msikiti tulimkuta mwanafunzi ajuaye Kiarabu, tukamshitakia. Akatabasamu. Alisema kwamba kwa Waturuki ishara ile maana yake ni "hapana" tu, wala haina dharau ndani yake. Kumbe mzee alitujibu swali letu: bado. Na kabla hatujamaliza mazungumzo, tukaisikia adhana. Mwanafunzi akaongeza kwamba katika nchi jirani ya Bulgaria watu wengi hutikisa kichwa huku na huku wanaposema "ndiyo", hata mgeni akadhani amenyimwa alichokwisha kupewa.

Baada ya sala tulirudi dukani. Kituruki cha kuombea radhi hatukuwa nacho. Basi tukafanya tuliyoyazoea tangu utotoni mbele ya wazee wetu: tukaushika mkono wake, tukaubusu. Naye akauinua taratibu hadi kwenye paji la uso wetu, kama vijana wa huko wafanyavyo kwa wazee wao siku ya Idi. Kisha akaagiza chai, na safari hii tukainywa.

Suratul Hujurat yatufunza kwamba tuliumbwa mataifa na makabila ili tujuane, nayo yatuonya juu ya dhana mbaya. Ilibaki kidogo turudi nyumbani na habari mbaya za watu wema, kwa sababu ya mlio mmoja wa ulimi. Basi, enyi vijana, mgeni akija kwetu akatupa kitu kwa mkono wa kushoto, tusifanye haraka kukunja uso. Huenda kwao mkono ni mkono.