Jinsi Nilivyotengeneza Maikrofoni ya Shule

Mwaka jana shule yetu hapa Kajaga ilipata zawadi ya maikrofoni kutoka kwa wanafunzi wa zamani. Imeundwa kwa mfano wa zile za kale: nzito, inang'aa kama kikombe cha ushindi, na ndani yake mna valvu, yaani taa ya kioo kama zile zilizokuwa katika redio za babu zetu. Tuliishangilia sana.

Bibi yangu anakaa Buyenzi, mjini Bujumbura. Anajua hadithi nyingi, lakini kifua chake kimeanza kudhoofika. Basi nikaomba ruhusa, akaletwa shuleni, nikainasa sauti yake akisimulia habari za sungura na fisi. Nilipomsikilizisha, uso wake ulibadilika. Kila penye "s" palitoka mlio wa kukwaruza masikio. Bibi hana meno mawili ya mbele, na maikrofoni ile ililitangaza pengo lake kama mpiga mbiu. Akasema, "Mjukuu wangu, huyu ni nyoka, si mimi. Usiwaachie watoto sauti hii." Akataka arudishwe nyumbani. Niliona haya kubwa.

Mimi nalidhani kosa ni la valvu. Nikatumia akiba yangu yote kununua nyingine iliyosifiwa sana. Nikaitia, mlio ukabaki vile vile. Mwalimu wetu wa fizikia akacheka, akasema, "Umemnunulia mgonjwa kanzu mpya kabla ya kumwuliza anaumwa wapi." Akaniamuru nichore kwanza saketi nzima, yaani njia zote za umeme, katika karatasi.

Katika maikrofoni ya namna hii, sauti hugonga utando mwembamba wa plastiki uliopakwa dhahabu. Nyuma yake kuna bamba la chuma, na kati ya viwili hivyo umewekwa umeme, katika yetu kama volti 60. Utando ukitikisika, umeme hupanda na kushuka. Valvu huupokea ukiwa dhaifu na kuupa nguvu ya kusafiri katika waya.

Sasa, mwaka 1960 kampuni ya Neumann ya Berlin ilitoa maikrofoni iitwayo U 67. Utando wake ulizidisha kwa makusudi sauti nyembamba za juu, kisha saketi ikazipunguza tena. Kwa njia hiyo hata kelele za valvu zilipungua. Waigaji wengi wa siku hizi huiga utando, lakini ile sehemu ya kupunguza hawaitii. Yetu ilikuwa hivyo. Kosa halikuwa katika taa inayowaka, bali katika kitu ambacho hakikuwekwa kabisa.

Dawa ilikuwa kapasita moja ya pikofaradi 470, ndogo kama punje ya mahindi, iunganishwe kati ya anodi ya valvu na ardhi, ili sehemu ya sauti za juu ipotelee humo. Bei yake haikufika ya chupa ya soda. Walakini ndani ya saketi mna volti zaidi ya 150, nazo zaweza kukaa humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mwalimu alinizuia mpaka mita iliposoma sifuri. Ndipo nikalehemu, jasho likinitoka, maana maikrofoni ni moja tu.

Tulipoiwasha, ikatoa mikwaruzo kama mafuta yakaangayo samaki! Moyo ulinidunda. Kumbe nilikuwa nimeishika kwa vidole rezista iliyo karibu na utando, ya oumu milioni 1,000. Mahali hapo umeme ni mdogo hata alama ya kidole yatosha kuupotezea njia, na hewa yetu ya kando ya Ziwa Tanganyika ina unyevu mwingi. Nikapasafisha kwa spiriti na brashi, nikaifungia siku mbili katika kopo pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mikwaruzo ikaisha.

Bibi alikataa kuja tena, kwa hiyo nikamfuata Buyenzi na maikrofoni mapajani, nikiiogopea kila shimo la barabara. Akasimulia upya. Kisha akasikiliza kimya, mkono shavuni, mpaka mwisho. Akasema, "Naam, huyu ndiye mimi. Hata pengo limo, ila sasa halipigi kelele."

Tangu siku ile tumekwisha nasa hadithi zake saba. Ninyi mlioitoa zawadi hii, asanteni sana, wala msione vibaya kwamba tumeifungua. Nami nimejifunza kuuliza kwanza kitu kinaumwa wapi. Ile valvu ya bei kubwa ningali nayo. Anayeihitaji na aje tuzungumze.