Kilo 127, na bado "mdogo"

Mtaani kwetu mtu wa kilo 127 tunamwita pandikizi la mtu. Kwenye futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, akisimama katika safu inayomkinga kwotabeki, anaambiwa akale kwanza. Wengi wa wenzake wanapita kilo 135.

Je, mdogo anaweza kufika? Mimi nasema anaweza, ila si kwa kila kocha. Jason Kelce aliingia Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 2006 bila ufadhili wa masomo, na wala hakuwa mchezaji wa safu hiyo. Mwaka 2011 alipimwa akiwa na kilo hizo hizo 127, akachaguliwa wa 191. Alistaafu mwaka 2024 akiwa bingwa wa Super Bowl.

Siri ni kasi na kuinama. Anayeingia chini ya kifua cha mwenzake ndiye anayemwinua. Navy, chuo cha kijeshi chenye masharti ya uzito, kilishinda michezo 11 mwaka 2015 kwa mfumo wa kukimbia na mpira. Lakini mwambie mdogo asimame tuli mbele ya mtu wa kilo 150, atasukumwa tu.

Kinachoniudhi ni kijana kulazimishwa kunenepa. Wengi mpira wao unaishia chuoni. Presha na kisukari haviishii hapo. Basi kabla ya kumwongezea sahani, tumuulize kocha ana mfumo gani. Au nakosea, wadau?