Ala Zisizoshikika

Anunuaye chombo kabla ya kuijua kazi yake hununua mzigo. Mkulima hachagui jembe kwa uzuri wa mpini, wala mvuvi hachagui wavu kwa rangi yake. Lakini katika jambo la muziki, hasa muziki unaotengenezwa nyumbani kwa kompyuta, vijana wengi hununua kwa macho na kwa majina makubwa, kisha ndipo huyauliza masikio yao yamefaidi nini. Yamkini wewe, msomaji, u mmoja wa wale wanaotamani kutunga na kurekodi nyimbo chumbani mwao. Kwa ajili hiyo nakuomba tukae pamoja kidogo tulitazame jambo hili, maana fedha hupatikana kwa taabu, na wimbo ukipotea haununuliki.

Kwanza tujue tunanunua nini. Ala isiyoshikika ni programu inayoifanya kompyuta itoe sauti ya kinanda, ya gitaa, ya ngoma au ya tarumbeta, ijapokuwa ala yenyewe haimo chumbani. Ziko za namna mbili. Namna ya kwanza hutumia sampuli. Mpigaji hodari aliketi mbele ya maikrofoni, akapiga kila noti ya ala yake, kwa upole na kwa nguvu, na sauti zote zikahifadhiwa. Wewe ubonyezapo kibodi, kinachosikika ni mkono wa mtu yule. Namna ya pili haina mtu ndani yake. Huunda mawimbi ya sauti kwa hesabu tupu. Tofauti hii si ya wataalamu peke yao, bali yagusa mfuko wako. Ala za sampuli hutaka nafasi kubwa ya kuhifadhia, na zile za okestra nzima huweza kujaza mamia ya gigabaiti. Ala za hesabu hutaka nafasi ndogo, lakini huichosha akili ya kompyuta. Mwenye kompyuta kuukuu akinunua bila kujua hili, atakuwa amenunua ng'ombe asiyeweza kupita mlango wa zizi.

Vitu hivi havina umri mrefu. Katika miaka ya 1960, Fadhili William na Daudi Kabaka walipokuwa wakirekodi nyimbo zao katika studio ya Equator mjini Nairobi, mwanamuziki wa Kajiado aliyetaka sauti yake iingie katika sahani hakuwa na budi kusafiri, na kumtegemea mwenye mitambo. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda wa Japani na Marekani walipatana juu ya lugha moja ya kuunganisha ala na kompyuta, iitwayo MIDI. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilileta utaratibu wa VST, na mwaka 1999 utaratibu huo ukapanuliwa hata ala nzima zikaweza kukaa ndani ya programu ya kurekodia. Kule Ubelgiji, mwaka 1997, ilitokea programu ndogo ya kupanga midundo, FruityLoops, ambayo leo huitwa FL Studio na hupatikana katika vyumba vingi vya vijana wa Afrika Mashariki. Hivyo mlango uliokuwa Nairobi peke yake umefunguka hata Magadi. Lakini mlango ukiwa wazi, wauzaji nao hupita.

Sasa nikupe mfano wa kweli kutoka jamaa yangu. Mimi naishi Kitengela, na dada yangu aliolewa upande wa Magadi, katika lile bonde la joto ambako magadi yamechimbwa ziwani kwa zaidi ya miaka mia moja, na gari la moshi huyachukua hadi njia kuu ya reli huko Konza. Mwanawe, yaani mpwa wangu, alimaliza shule ya sekondari akiwa na kompyuta ya mkono wa pili na hamu kubwa ya muziki. Ukame uliokwisha mwaka 2023 uliwaachia wazazi wake ng'ombe wachache. Alipopewa ruhusa ya kuuza mbuzi wake wawili, akapata shilingi 20,000, nilijua ya kuwa fedha hizo si za mchezo.

Alikuja kwangu na orodha. Alitaka kununua mkusanyo wa ngoma na marimba za Afrika Magharibi, na okestra, na kinanda kikubwa, vyote vikiwa katika punguzo la mwezi wa Novemba. Nilimwuliza: "Wimbo gani wataka kuutengeneza?" Akanijibu, "Mjomba, nataka kuanza na nyimbo za koko." Koko wake ni mama yangu mzazi. Ni mzee sana, na nyimbo za kukamulia anazozijua, wanawake wa rika lake waliozijua wamebaki wachache.

Hapo, msomaji, ndipo penye kiini cha habari hii. Wamaasai kwa desturi hawana ngoma. Muziki wao ni koo na kifua: kiongozi wa wimbo, aitwaye olaranyani, hutangulia, na wenzake humwitikia kwa sauti nzito zinazopandana kama mawimbi. Chombo ni pembe ya tandala kavu katika sherehe kubwa, na njuga miguuni. Basi ngoma za Afrika Magharibi zingemfaa nini mama yangu? Katika orodha ile ndefu kila kitu kilikuwamo isipokuwa kitu kimoja kilichotakiwa, yaani njia ya kuiingiza sauti ya mzee katika kompyuta. Nilimwambia hivyo. Hakupenda, na sikumlaumu. Duka lenye taa nyingi hushinda neno la mjomba. Akaondoka kwenda Magadi kwa njia ya Kiserian, akanyamaza wiki mbili.

Aliporudi alikuwa amefanya hesabu yake mwenyewe. Alinunua maikrofoni iliyokwisha kutumika kwa shilingi 6,500, na kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta kwa shilingi 5,000. Programu ya kurekodia hakuinunua kwanza. Alianza na Audacity, ambayo imetolewa bure tangu mwaka 2000, na baadaye akaijaribu Reaper, ambayo humpa mtu siku 60 za kuipima kabla ya kulipa. Siku zilipokwisha akalipa dola 60, bei ya leseni ya mtu mwenye pato dogo, ambayo ni kidogo chini ya shilingi 8,000. Kwa kuwa tangu mwaka 2022 mtumiaji wa M-Pesa aweza kupata kadi ya Visa isiyoshikika, hakuhitaji akaunti ya benki. Kilichobaki hakikuzidi nauli.

Ala zisizoshikika alizipata wapi? Alizipata bure, na kwa halali. Ziko Vital na Surge, ala za hesabu zenye uwezo mkubwa. Iko pia LMMS, programu nzima ya kutungia isiyodai senti. Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Anayeruka kutoka ala hata ala, akitafuta iliyo bora kupita zote, mwisho hubaki na mkusanyo mkubwa na wimbo haba. Mpwa wangu alichagua ala moja tu, akaisoma mwezi mzima, mpaka akaijua kama mchungaji anavyozijua alama za ng'ombe wake.

Kurekodi kwenyewe kulifanyika alfajiri, kabla ya upepo na kabla ya joto la Magadi kuilazimisha feni ya kompyuta kulia. Walikaa ndani ya nyumba ya mama, yenye kuta za udongo na samadi. Kuta zile nene humeza mwangwi, kazi ambayo wenye studio mijini huilipia fedha nyingi. Mama alikataa kuvaa vipokea sauti masikioni ili afuate mlio wa kuhesabu mapigo. Alisema ng'ombe hakamuliwi kwa saa. Basi kijana akauzima mlio ule, akamwacha mzee aende kwa mwendo wake, kisha akatumia siku tatu kuifundisha kompyuta imfuate yeye. Juu ya sauti ile aliweka mlio mmoja mzito wa chini, basi.

Lakini baada ya kuusikiliza wimbo, mama aliuliza neno ambalo halikuwa katika orodha ya mtu yeyote: "Sauti hii ikitoka hapa, yaweza kukatwakatwa na kuuzwa kwa watu wasionijua?" Tulinyamaza. Ndiyo, yaweza. Sampuli hutengenezwa hivyo hivyo. Mpwa wangu alipokuwa akitamani ngoma zile za mbali, hakuwa amejiuliza ni nani aliyezipiga, na kama alilipwa. Sasa mpigaji alikuwa bibi yake mwenyewe. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni wa jamii, na iko sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001. Lakini sheria huwasaidia wanaoulizana kabla, kuliko wanaogombana baadaye. Mama aliamua hivi: wimbo wa kukamulia utolewe, na jina lake litajwe, wimbo wa baraka usitoke nyumbani. Kijana alitii, ingawa wimbo wa baraka ndio uliokuwa mzuri zaidi, na nilimwona ameumia. Hata leo anadhani mzee angeweza kulegeza kidogo. Mimi nadhani alilegeza vya kutosha.

Katika habari hiyo, msomaji, nakutolea mashauri machache.

La kwanza, taja wimbo kabla ya kutaja duka. Andika katika karatasi sauti unazozihitaji kwa wimbo mmoja tu. Usichoweza kukiandika, usikinunue.

La pili, ijue mashine yako. Tazama nafasi yake na kumbukumbu yake, kisha soma masharti ya programu. Pima pia kuchelewa kwa sauti. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo kompyuta ikichelewa kwa sehemu 20 za elfu za sekunde, ni sawa na kupiga ngoma iliyo karibu mita 7 mbali nawe. Kisanduku kizuri cha sauti hupunguza umbali huo. Ala mpya haiupunguzi.

La tatu, maliza vya bure na vya kujaribiwa kwanza, lakini yajue masharti yake. FL Studio, kwa mfano, hukuruhusu kuijaribu bila malipo na kuihifadhi kazi yako, ila hutaweza kuifungua tena kazi hiyo mpaka ununue. Afadhali ulijue hilo siku ya kwanza kuliko siku ya kumi.

La nne, pambanua kununua na kupanga. Programu nyingine hulipiwa mara moja. Nyingine hulipiwa kila mwezi, na ukiacha kulipa, mlango hufungwa na nyimbo zako zimo ndani. Kupanga si dhambi, lakini mpangaji na ajue ya kuwa ni mpangaji.

La tano, usichukue programu ya wizi. Utaambiwa ya kuwa kila mtu hufanya hivyo, na ya kuwa tajiri wa ng'ambo hatajua. Mbali ya virusi vinavyofichwa humo, fikiri jambo moja: kesho utataka watu wakulipe kwa wimbo wako. Utamwambia nini atakayeuchukua bure, ikiwa wewe ulijifunza kuimba kwa kinanda cha kuiba?

La sita, waulize wazee, na ukubali wakikataa. Katika nchi yetu ziko sauti zisizouzwa katika duka lolote la duniani, na kila mwaka zinapungua. Ala za ng'ambo zitakuwapo mwakani kwa bei ile ile, au kwa bei ndogo zaidi. Sauti ya mzee haina ahadi hiyo.

Sisemi ya kuwa mpwa wangu amekuwa tajiri, wala ya kuwa jina lake limevuma kutoka Magadi hata Mombasa. Wimbo ule umesikilizwa na watu wachache, wengi wao jamaa zetu, na bado anazitamani ngoma zake. Huenda siku moja akazinunua, na huenda zikamfaa kwa wimbo mwingine. Lakini dakika nne za sauti ya mama yangu zimehifadhiwa mahali pawili, na mjukuu wake ajua kila pumzi iliyomo. Kwa mbuzi wawili, mimi naiona kuwa ni biashara njema. Wewe nawe, siku utakapozishika fedha zako mkononi na kulikabili duka lenye taa, jiulize kwanza ni sauti ya nani unayotaka isikike. Ukipata jawabu, orodha yako itafupika yenyewe.