Ukope wa Tatu

Nilipomaliza udaktari wa mifugo Kabete na kupangiwa kazi Nakuru, nilijiandaa kwa ndama waliokwama tumboni na viwele vilivyovimba. Hayo niliyapata, tena usiku wa manane. Lakini kilichonifanya niipende kazi ni kinyama kilicho kwenye kona ya ndani ya jicho, ambacho wafugaji wengi hawakitambui hadi siku kinapowatia hofu.

Mzee mmoja wa Subukia alinipokea zizini ameshika wembe mpya.

"Daktari, nilitaka kukitoa mwenyewe, nikaona heri nikungoje."

Ng'ombe wake alikuwa amefumba jicho la kushoto, machozi yamechora mfereji shavuni, na ukope wa tatu umetokeza ukiwa mwekundu. Nilimwomba mzee autie wembe mfukoni, amshike ng'ombe pua. Nikadondosha dawa ya ganzi, nikasubiri, kisha nikauinua ule ukope kwa koleo ndogo isiyo na meno. Nyuma yake minyoo myembamba, myeupe, ilikuwa ikijipinda ndani ya machozi. Ni Thelazia, ambayo huletwa na inzi wanaolamba macho ya ng'ombe. Niliitoa mmoja mmoja, nikaliosha jicho kwa maji safi ya chumvi, nikamdunga ng'ombe dawa ya minyoo. Mzee bado alikitazama kile kinyama kwa shaka.

Ikabidi nimweleze. Ng'ombe hana mkono wa kupangusa jicho. Kitu kikimjia usoni, msuli ulio nyuma ya jicho hulivuta ndani ya tundu la fuvu. Mafuta yaliyomo hubanwa, nayo huusukuma ukope wa tatu uteleze mbele ya konea. Ndani yake mna gegedu linaloupa umbo, na tezi inayochangia machozi. Ukiukata, konea hubaki bila ulinzi, na kwa vumbi la Rongai wakati wa kiangazi hiyo ni hasara kubwa. Sisi binadamu tumebakiwa na kimkunjo tu karibu na pua.

Wapo niliowakata, sikatai. Saratani hupenda kuota hapo, hasa kwa ng'ombe wa uso mweupe kama Hereford, kwa kuwa ngozi isiyo na rangi haina kinga dhidi ya jua kali. Uvimbe ukiwa bado mdogo, kuuondoa ukope ni kumwokoa mnyama.

Kondoo wa Molo walinivuta kwenye ukope wa chini. Ukiufunua ukaukuta umepauka, jua minyoo ya tumbo inamnyonya damu. Kadi ya FAMACHA iliyobuniwa Afrika Kusini ina rangi tano za kulinganisha, na mchungaji makini huizoea upesi kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha.

Mgonjwa ninayemkumbuka zaidi, hata hivyo, alikuwa punda wa kubeba maji Naivasha. Mwenyewe aliniita kwa sababu ya macho. Nilimgonga punda kidevuni taratibu kwa kiganja, na kope za tatu zikaruka pande zote mbili, zikafunika nusu ya macho. Masikio yalikuwa wima, mkia umekakamaa. Nikaacha macho, nikainua kwato moja moja, hadi nilipokuta tundu la msumari lililokwisha kujifunga juu. Pepopunda.

"Sasa daktari, unatibu jicho ama mguu?"

Nikamwambia mguu, nikachukua penisilini, na kumtuma akatafute banda lenye giza, mbali na watoto na honi za matatu.