Kopa na Alumini

Friji lilikuwa la mama mmoja muuza barafu pale Mwaloni, Kirumba. Msomaji, kama umewahi kufika Mwaloni unajua barafu maana yake nini. Sangara hamsubiri mtu.

Mwaka 2011 nilikuwa najifunza kazi kwa mjomba, fundi friji wa Mabatini. Siku hiyo alikwenda msibani, akaniachia. "Mjomba," akaniambia (naye huniita hivyohivyo), "kaiunge ile paipu. Moto kidogo tu, unasikia?"

Nilisikia, ila sikuelewa. Paipu moja ilikuwa kopa, yaani shaba, nyingine alumini. Kopa naijua ngumu, nikaikazia moto wa gesi. Ghafla pale zilipogusana pakalegea, pakatiririka kama mshumaa. Nikafurahi, bwana! Nikadhani imeshika sawasawa. Tukajaza gesi, friji likagandisha, mama akalipa.

Siku ya tisa akarudi. Laiti angenitukana. Alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akasema taratibu kwamba maji yamebaki maji, na mtaji wake ulikuwa wa kukopa.

Nilipofungua nikakuta kiungo kimekatika. Alumini hupinda, kopa hupinda, lakini pale pamevunjika kama kigae. Mjomba akasema ni unyevu. Ni kweli, alumini ikigusana na kopa penye maji huliwa. Lakini siku tisa?

Jibu nilikutana nalo chuoni, miaka baadaye, nimeshasahau kuuliza. Kopa huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi, alumini 660. Zikigusana, mchanganyiko wao huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 548 tu! Kumbe siku ile alumini ilikuwa inaitafuna kopa mbele ya macho yangu, nami nachekelea. Na ikipoa hairudi kuwa kopa na alumini. Inazaliwa kitu cha tatu: atomu mbili za alumini kwa moja ya shaba, zimepangana kwa utaratibu wao wenyewe. Huo ni msombo, tena mgumu kuliko wazazi wote wawili, ila haujui kupinda. Ukitikiswa unapasuka. Na friji, kompresa yake inatikisika usiku na mchana.

Wazungu nao liliwasumbua hilo. Mwaka 1991, katika taasisi ya TWI karibu na Cambridge, Uingereza, walibuni njia ya kuunga bila kuyeyusha. Ukitaka kuielewa, ingia jikoni. Chukua chuma kigumu kama mwiko mfupi, kizungushe kwa kasi, kikandamize pale metali mbili zinapokutana. Msuguano unaleta joto, metali inalainika lakini haiwi uji, nacho kinaisonga kama ugali huku kikisogea mbele. Baadaye wakaitumia hata kukanda metali isiyohitaji kuungwa, ili iwe imara zaidi.

Nilidhani basi, kitu cha tatu kimekomeshwa. Wapi! Hata bila kuyeyuka, atomu zinavuka mpaka. Upande wa alumini unazaliwa msombo uleule wa kwangu, upande wa shaba mwingine, wenye atomu nne za alumini kwa tisa za shaba. Hapa ndipo niliposoma mara mbili: usipozaliwa kabisa, maana yake metali hazijashikana, zimelaliana tu. Ukiwa mwembamba, kama sehemu moja ya elfu ya milimita, kiungo kinashika vizuri. Mwiko ukizunguka kasi mno au ukisogea polepole mno, joto linazidi, msombo unanenepa, nyufa zinaanza. Ndiyo maana mafundi wake huuegemeza mwiko upande wa alumini, shaba iguswe kidogo tu.

Moto kidogo tu, unasikia?

Mjomba alimrudishia yule mama hela yake, na mimi nikakaa miezi miwili bila posho. Kama alilipa deni lake sijui. Sikuwahi kwenda Mwaloni kumuuliza, na nimepita pale mara nyingi. Kipande cha kiungo nimekitunza. Likizo moja nilimpelekea mjomba pamoja na lenzi, nikamwonyesha ule mstari wa kijivu kati ya wekundu na weupe, nikamweleza yote haya. Alikigeuzageuza muda mrefu.

"Unyevu," akasema, akanirudishia.