Jogoo wa Ng'ambo ya Ruvuma



Ijumaa moja mwaka huu nalitoka Mtwara mjini baada ya swala ya Alfajiri kwenda Kilambo, ukingoni mwa mto Ruvuma, kumzuru kijana niliyemsomesha tangu Juzuu Amma, ambaye sasa ana chuo chake mwenyewe. Njia hupita katika mikorosho, kisha ardhi huteremka na upepo huanza kunuka matope na chumvi. Hapo mto umekaribia bahari na hauna haraka tena. Umejitanua baina ya mikoko, maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari, na wenye mashua huyatazama maji kwanza ndipo wamjibu msafiri. Viboko wamo, na mamba pia. Kuelekea Msimbati ni hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali sana huko juu. Hapa watu huvuka kwa chombo kama walivyovuka wazee wao, kwani wengi wana jamaa pande zote mbili.

Nalikaa ukingoni muda mrefu nikitazama watu wakipakia mizigo, simu yangu mfukoni. Ni simu ndogo ya vibonye, ile ambayo vijana huiita kitochi, nami sina haja ya kubwa kuliko hiyo. Ndani yake nimetega alamu ya saa sita na robo mchana, kila siku, inikumbushe kuwaachia watoto wa madrasa wakatawadhe. Mlio wake ni wa jogoo. Watoto wenyewe waliuchagua, nami nikaridhia.

Ilipoadhiniwa tukaenda msikitini. Mlangoni, mbele ya macho ya mwenyeji wangu, naliizima simu. Sikuiweka kimya tu, bali naliizima kabisa mpaka kioo kikawa cheusi, kwani mimi ndimi niwagombezaye wanafunzi kwa jambo hilo. Nikapewa nafasi safu ya kwanza. Khutba ikapita salama. Tulipokuwa katika sijida ya rakaa ya kwanza, jogoo akawika chini ya kanzu yangu.

Aliyepata kufikwa na jambo hili anajua, na ambaye hajafikwa asicheke. Katika madhehebu yetu ya Shafi harakati tatu zinazofuatana hubatilisha swala, nami nikahesabu: kupandisha kanzu moja, kutia mkono mbili, kubonya tatu. Nikaogopa. Nikaibonya mara moja tu, juu ya nguo, akanyamaza. Kumbe nimemwahirisha! Baada ya dakika chache, imamu yumo katika dua, akawika tena, na watoto wa safu ya nyuma wakashindwa kujizuia.

Tulipotoka nalimtaka radhi imamu. Alisema tu, "Mwalimu, wewe si wa kwanza hapa." Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyeniuliza, "Shehe, jogoo wako ni wa ng'ambo?"

"Mzee wangu, mimi nimetoka Mtwara."

"Wewe umetoka Mtwara. Yeye ameshika saa ya Msumbiji. Alipowika, kwao ilikuwa saa sita na robo."

Nikaiwasha simu, na kweli ilikuwa nyuma kwa saa nzima. Tanzania huhesabu saa 3 mbele ya Greenwich, na Msumbiji saa 2. Nilipokuwa ukingoni, simu ilidaka mnara wa upande wa pili, ikajirekebisha yenyewe bila kuniuliza. Jua halina habari ya mpaka huo. Kivuli kinapopinduka ukingo huu, na ule kimepinduka, na Adhuhuri imewaingia wote. Mwenyeji wangu alinieleza jinsi Ramadhani moja alivyoamshwa na simu yake kwa daku, akafungua mlango akakuta kumekucha. Alifunga siku ile kwa maji aliyokunywa usiku.

Ama kuhusu kuwika hali imezimwa, kijana mmoja atengenezaye simu alinifahamisha. Simu nyingi za vibonye, hata zikizimwa, saa ya ndani hubaki ikitembea kwa nguvu kidogo ya betri, na wakati uliotegwa ukifika simu hujiamsha ili ipige alamu. Simu janja zilizo nyingi hazifanyi hivyo zikizimwa barabara. Lakini wenye simu hizo wana kosa lao, kwani kuziweka katika hali ya kimya huzuia mlio wa kupigiwa, wala aghalabu hakuzuii alamu. Na wako wanaobonya pembeni mara moja, kioo kikawa giza, wakadhani wamezima. Kwa kitochi dawa ni kuifuta alamu yenyewe, au kutoa betri kabla ya kuingia msikitini, ingawa nyingine zikitolewa betri husahau saa na tarehe. Na kwa mtu wa mpakani, aingie katika mipangilio aondoe ile ruhusa ya simu kujiwekea saa, aiweke kwa mkono wake.

Mimi nimefanya yote mawili. Siku za Ijumaa betri hukaa mfuko huu na simu mfuko ule. Wanafunzi wangu wameniuliza sababu nami sijawajibu. Nadhani wataisoma humu.